Oili ya Gari la Gwakisa

"Mkono uliomwaga ndio ujaze." Ndivyo wasemavyo watu wa Tukuyu wanapomwona mtu ameacha kazi katikati, akidhani iliyobaki ni ndogo. Jumapili iliyopita Bibi Tusekile aliwaambia hivyo wajukuu zake, walioanza kuosha vyombo vya shughuli wakaviacha na povu. Wakataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Bibi akavuta kigoda, akaketi, akawaeleza yalivyozaliwa.

Mzee Angolile alikuwa na wana wawili, Gwakisa na Ambwene. Gwakisa, yule mkubwa, alifanya kazi Mbeya mjini, na huko alipata gari la spoti, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini hata kuku akitaka kupita uvunguni lazima ainame. Hakuruhusu mtu mwingine aliguse. Alipokuja nyumbani, mngurumo wake ulimtangulia. Waliokuwa jikoni waliongeza unga kabla hajakata kona ya kanisa.

Gwakisa akaugua, akafa. Gari likabaki uani. Wakati huo macho ya mzee yalikuwa yamefifia, na picha za mwanawe hakuweza kuziona tena. Kilichombakia ni ile sauti. Kila Jumapili baada ya ibada aliingia garini kwa kupapasa, akawasha, akasikiliza kwa dakika chache, kisha akazima. Hakulia. Alisikiliza tu.

Mwaka wa pili Ambwene alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaona oili imekuwa nyeusi na nzito kama uji ulioungua. Akajua ikiachwa hivyo injini haitadumu. Maishani mwake hakuwahi kubadilisha oili ya gari. Baba yake akamshauri amwite fundi Kajeta, lakini Ambwene hakutaka mkono wa mgeni kwenye gari la nduguye. Akajibu kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa, na kwamba Jumapili ataianza mapema.

Ikawa kazi ya asubuhi nzima. Jeki haikuingia chini ya gari, ikambidi alipandishe juu ya mbao mbili. Nati ya kumwagia oili, chini ya injini, ilikataa kufunguka, na ilipokubali, oili ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akaingoja ichuruzike kwenye karai hadi tone la mwisho. Akarudisha nati, akaikaza, akafunga filta mpya. Likabaki jambo moja tu, kumimina oili mpya.

Hapo kilio kikasikika ng'ambo ya bonde. Kwa Mwasomola wamefiwa. Kwa watu wale, kilio kikisikika jembe huachwa kwenye tuta. Mwanamume anayekutwa na kazi yake wakati wenzake wanakwenda kuchimba kaburi, jina lake huharibika kwa miaka. Majirani wawili wakapita uani wakiwa na machepe, wakaona miguu yake imechomoza chini ya gari.

"Fundi wa leo asubuhi," mmoja akamtania, "marehemu hasubiri oili."

Ambwene akaona aibu. Mvua ilikuwa inanyemelea, kwa hiyo akafunga boneti, akasukuma karai nyuma ya banda. Dumu la oili mpya lilikuwa bado stoo. Kujaza kungechukua dakika kumi. Akajiambia atajaza akirudi. Alipopita barazani, baba yake, aliyekwisha kurudi ibadani, akamwuliza:

"Tayari?"

Angeweza kusema bado. Lakini neno bado lingeleta swali, na swali lingemleta fundi Kajeta.

"Tayari, baba," akasema, akaenda.

Kaburi lilikuwa limefika kiunoni waliposikia mngurumo kutoka ng'ambo. Mchimbaji mmoja akainua kichwa.

"Gwakisa anatusalimia," akasema.

Wenzake wakatabasamu. Ambwene naye akatabasamu, hata akaona fahari kidogo. Kisha akatazama mikono yake. Weusi wa oili ulikuwa bado kwenye kucha.

Akatupa chepe, akakimbia. Alivuka daraja la magogo akimwita baba yake azime, lakini nani angemsikia? Akiwa katikati ya mlima sauti ikabadilika, ikawa kama mawe ndani ya debe. Ikapiga yowe moja la chuma, ikanyamaza.

Alimkuta mzee ameketi garini, mikono kwenye usukani. Taa nyekundu ya oili ilikuwa inawaka mbele ya uso wake, naye haioni.

"Mwanangu, nimeliua gari la ndugu yako," mzee akasema. "Sijui nimekosea wapi."

Ambwene angenyamaza, hakuna ambaye angejua.

"Hukukosea, baba. Halikuwa na oili. Nilimwaga, sikujaza."

"Uliniambia tayari."

"Nilikuambia."

Mzee akapapasa usukani.

"Wafiwa wangekuvumilia dakika kumi," akasema. "Na kama hukuwa nazo, ungeniambia bado. Mkono uliomwaga ndio ujaze, Ambwene. Mkono mwingine haujui kilichobaki."

Jioni ile fundi Kajeta aliitwa, akaifungua injini, akakuta vyuma vimesagana, akaifunga tena. Akasema Mbeya haikosekani injini nyingine ya kufunga. Mzee akakataa kwa upole. Alisema hiyo itakuwa sauti ya mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata mzee alisikia boneti ikifunguliwa. Ambwene alikuwa amesimama na dumu, anamimina polepole, anachomoa kijiti, anapima, anaongeza. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali.

"Unafanya nini?" mzee akauliza kutoka barazani.

"Najaza, baba."

Mzee alishuka akishika ukuta, akafika kwenye gari, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mwanawe. Wakasimama hivyo mpaka oili ikafika kwenye alama, katika injini ambayo haitawaka tena.

Majirani waliokuwa wakirudi kutoka msibani waliwaona, wakapita. Baadaye Ambwene mwenyewe aliwaeleza yaliyotokea na maneno aliyoambiwa na baba yake. Nao wakayasimulia nyumbani kwao, na tangu hapo, mtu akitaka kuondoka na kazi haijakwisha, huambiwa alivyoambiwa Ambwene: mkono uliomwaga ndio ujaze.