Mzee wa Kanisa Aliyetafuta Ukoo Wake

Wapendwa, huko mashambani Uingereza kulikuwa na mzee wa kanisa ambaye jina la ukoo wake lilikuwa moja na jina la kijiji chao. "Kijiji hiki kimeitwa kwa jina letu," hakuchoka kusema.

Ikatokea akafariki kibarua mmoja, mtu wa mbali aliyekuja kuchuma matufaha. Mjane wake akaomba azikwe kwenye makaburi ya kanisa.

"Haiwezekani," mzee akasema. "Nafasi zimebaki chache, na ni za wenyeji."

"Mwenyeji ni nani?" kasisi akamuuliza.

"Sisi tulioanzisha kijiji! Nipe vitabu vya maziko nikuonyeshe."

Kasisi akamfungulia sanduku la vitabu hivyo. "Jeneza linafika saa sita. Ukikosa ushahidi, namzika."

Mzee akaketi. Akaufuata ukoo wake kwa kidole: baba, babu, baba wa babu, mpaka miaka mia mbili nyuma. Hapo kidole kikasimama. Wino ulikuwa umefifia, ila maneno yalisomeka: *Amezikwa mwanamke mgeni, jina halijulikani, aliyefia njiani akijifungua. Mtoto amepona. Tumempa jina la kijiji.*

Akasoma tena. Kumbe mtoto yule ndiye mwanzo wa ukoo wao, na ukoo ndio ulioazima jina la kijiji!

Akatazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Akaushika ukurasa ule, akavuta kidogo. Ukaanza kuachia kwenye mshono. Nje, magurudumu ya gari la maiti yakalia juu ya kokoto. Ndugu yangu, ungekuwa wewe, ungefanyaje?

"Mzee, umepata?" Kasisi alikuwa ameingia.

Mzee akauachia ukurasa, akamgeuzia kasisi kitabu, akatoka. Akaenda moja kwa moja kwa yule mjane, akavua kofia.

"Mama, mumeo tutamlaza karibu na watu wangu."

Mjane akamtazama kwa hofu. "Watu wako ni akina nani, mzee?"

"Wageni, mama. Sisi ni wageni."

Wapendwa, na sisi hapa tuna mabenchi yetu. Tuna ule msemo wetu, "sisi wa tangu mwanzo." Mwanzo upi? Kuna mama amesimama pale nyuma na mtoto mgongoni tangu ibada ianze, na wote tumemwona. Kabla hujamuuliza ametoka wapi, jiulize: bibi yako alipofika hapa, nani alimpokea?

Sogeeni. Nasema sogeeni, mama akae.