Mtungi wa Shekuwe

Niwieni radhi, wenzangu, hadithi hii nitaiboronga. Nanyi itikieni hivyo hivyo.

Alikuwapo Shekuwe, aliyetunukiwa na zimwi mtungi wa habari. Ukiuinamia ukauliza, unakujibu neno lile moyo wako unalolipenda.

Siku moja mbiu ikalia ng'ambo ya mto. Mkewe, Mwanashera, akasema, “Bwanangu, zimwi limemaliza mbuzi! Tukimbie!”

Shekuwe akauinamia mtungi. “Eti zimwi si rafiki yangu?”

“Rafiki wa damu!”

Mbiu ikalia kisimani. “Sasa linakula watu, bwanangu!”

“Eti huo si uzushi?”

“Uzushi wa wenye wivu!”

Mbiu ikalia mlangoni, ikakatika katikati, na mpigaji asisikike tena.

“Bwanangu, nisikilize mimi, walau mara moja!”

“Eti mbiu hiyo si ya harusi?”

“Tena pilau limeshaiva!”

Zimwi likaingia. Likaanza na Mwanashera, aliyekuwa bado anamvuta mumewe kanzu. Shekuwe likamla likasaza masikio, maana yalikuwa mapya, hayajatumika.

Mtungi ule sasa ninao mimi. Nimeuuliza kama hadithi nimeiboronga. Umesema hakuna msimulizi kama mimi, nami nimeamini papo hapo.