Maboya ya Chidawali

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana hadithi hii ina kesi ndani yake na mahakimu ni nyinyi.

Mjini Dodoma palikuwa na watu wanne, kila mmoja na alichojaliwa. Chidawali alijaliwa mikono. Alikuwa seremala wa vitanda, na kitanda chake ungeweza kuwarithisha wajukuu. Mkewe Mwaja, Mama Nyemo, alijaliwa wasiwasi: akifunga mlango anarudi kuutazama, kisha anamtuma mtu mwingine akautazame. Kaka yake Mwaja, Ndahani, fundi friji, alijaliwa vipimo. Hakunywa chai bila kukadiria kwanza kikombe kinabeba kiasi gani. Na jirani yao Mihayo alijaliwa mdomo. Mihayo ni Mnyamwezi, Chidawali ni Mgogo, na hao ni watani, kwa hiyo mdomo ule ulikuwa na kibali cha mababu.

Siku moja Chidawali akachoka na vitanda. Akaunda mashua ya tanga nyuma ya nyumba, yenye viti vinne: cha kwake, cha Mwaja, cha Ndahani na cha Mihayo. Mashua ya tanga, Dodoma! Mji ambao ukitaka kuona mawimbi unatikisa ndoo. Wapita njia walichungulia uani wakauliza, "Mzee, mgonjwa atalala upande gani?" Maana ile mashua, kusema kweli, kwa mbele ilikuwa na kichwa cha kitanda, tena chenye nakshi.

Akaipakia kwenye tela, tela likafungwa nyuma ya pikapu ya Ndahani, wote wanne wakashuka hadi bwawa la Mtera.

Mashua iliingia majini, ikaegemea, ikanywa maji ya kutosha, ikakaa chini kwenye tope kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Chidawali alibaki amesimama ndani yake, maji kiunoni, ameshika usukani kana kwamba safari inaendelea.

"Inahitaji maboya," akasema hatimaye, kwa heshima yote iliyobaki.

"Boya tunaye tayari," Mihayo akajibu kutoka ukingoni. "Tena kavaa kofia."

Ndiyo shida ya neno hilo. Ukiwa majini, boya ni kitu cha kukufanya uelee. Ukiwa mtaani, boya ni zuzu, yaani wewe.

"Baba Nyemo," Mwaja akasema, "kitanda kikielemewa kinalia chenyewe. Mashua ikielemewa, nalia mimi."

Wakairudisha nyumbani. Chidawali alitaka kuyafunga maboya yake mwenyewe, kwa utulivu, bila kushauriwa. Utulivu gani?

Mwaja alizunguka mtaa mzima akiomba madumu matupu ya mafuta ya kula. Alikaza vifuniko, akavizibia nta ya mshumaa, akayasokomeza kulia na kushoto katikati ya mashua na kuyafunga kwa kamba mpaka kiti chake kikafunikwa, hakikuonekana tena.

"Mama Nyemo, sasa utakaa wapi?"

"Pa kukaa mimi si hoja. Wewe ukae hai."

Ndahani alikuja na futi na kisu. Alileta yale mapande meupe, mepesi, yanayofungiwa friji mpya, akayachonga, akayashindilia mbele kabisa na nyuma kabisa. Hayakutosha, akang'oa kiti chake mwenyewe ili mengine yapate nafasi.

"Shemeji, unabomoa!"

"Nabomoa changu. Kuelea bila usawa ni bure, shemeji. Itaelea imesimama wima kama chupa."

Mihayo hakuleta futi wala kamba ya maana. Alikuja na mpira wa miguu, akauchora macho na masharubu ya Chidawali, akapanda mlingoti na kuufunga kileleni.

"Ukizama, mtani, tujue kichwa kiko wapi."

Chidawali akarukia mlingoti aufungue. Mwaja akamdaka shati. "Shuka! Ukiufungua umekasirika, na utani haukasirikiwi. Unataka Wagogo wote tuaibike?"

Akashuka akitweta. Mpira ukabaki juu, unatabasamu. Kwenye mashua ya viti vinne vikabaki viwili: cha Chidawali na cha Mihayo.

Wakarudi Mtera. Chidawali akaingia peke yake kuijaribu, maana alitaka walau dakika chache asisikie ushauri. Upepo ukajaa tangani. Mashua ikaruka! Alivua kofia akaipunga, akaanza hata kuimba. Kisha upepo ukageuka ghafla, tanga likahamia upande wa pili bila kumuaga, na mashua ikalala ubavu. Chidawali akawa majini, ng'ambo ya matete viboko wawili wakainua masikio.

Mlingoti ulipiga maji, lakini mpira ulikataa kuzama, kwa hiyo mashua haikugeuka miguu juu. Madumu yaliishikilia juu ya maji, kwa hiyo haikwenda chini. Mapande meupe yaliiweka sawa mbele na nyuma. Chidawali alipokanyaga ubavu wake na kuvuta kwa nguvu zake zote, ikainuka, imekaa sawasawa, maji ndani yakiwa ya kuchotwa kwa kofia.

Lakini kabla ya kuinuka, akiwa bado ananing'inia huku anawatazama viboko nao wanamtazama, alipiga kelele iliyosikika hadi ukingoni: "Aliyefanya kitu hiki kielee, mashua itaitwa kwa jina lake! Na kiti kilichobaki ni chake mpaka nife!"

Kwa jinsi viboko walivyokuwa wanasogea, ahadi ilionekana fupi.

Alipofika nchi kavu alitegemea kukumbatiwa. Akakuta mkutano.

"Bila madumu yangu," Mwaja alikuwa anasema, "saa hizi tungekuwa tunamtafuta kwenye tope."

"Na bila usawa wangu, dada, madumu yako yangembakishia pua ya mashua tu. Angechota maji mpaka kesho."

"Na bila mpira wangu," Mihayo akasema, "ingepinduka kabisa, mlingoti kwenye tope, tanga limemfunika. Usawa wa nini chini juu?"

"Wewe ulikuwa unatania!" Ndahani akafoka.

"Mpira haukujua kama natania."

"Sisi tumetoa viti vyetu!" Mwaja akasema. "Wewe umetoa nini?"

"Kiti kilichobaki si changu tangu mwanzo? Nimehama lini?"

Chidawali akakamua kofia. "Basi natoa madumu yale, mke wangu apate pa kukaa." Akakumbuka tope. "Au natoa yale mapande ya shemeji." Akaikumbuka chupa iliyosimama wima. Akautazama mpira, mpira ukamtazama kwa masharubu yake mwenyewe. "Afadhali vitanda!" akalia. "Kitanda cha watu wawili hakina kesi!"

"Kitakuwa nayo leo," Mwaja akasema polepole, "ukiandika jina lisilo langu."

Kopo la rangi nyekundu likafunguliwa. Chidawali akapiga magoti kando ya tela, watatu wakimpumulia shingoni, akaandika herufi moja: M.

"Mwaja," akasema Mwaja.

"Mihayo," akasema Mihayo.

Ndahani akakohoa. "Mhandisi Ndahani."

Basi Chidawali yuko palepale, amepiga magoti, brashi mkononi, na rangi inakauka. Aliyeogopa kwa ajili yake, aliyempimia, na aliyemcheka: ukimwondoa mmoja, mashua imekwenda na seremala wake. Jina ni moja, kiti ni kimoja, ahadi viboko waliisikia.

Haya, brashi hii hapa, ishike wewe. Ungemalizia vipi?