Chungu cha Kwanza cha Sekela

Hapo zamani, wala si zamani sana, msinikodolee macho hivyo, paliondokea mfinyanzi aitwaye Sekela. Vyungu vyake vilisifiwa kijiji kizima, na yeye mwenyewe sifa alikuwa hazikatai. Basi mwaka mmoja mvua ikanyesha hadi kilima kikaporomoka. Tope likafukia kibanda chake cha kazi na kuvunja kila chungu kilichokuwa kinasubiri gulio. Watu walipona wote, lakini Sekela aliona maisha yake ndiyo yaliyolala pale, vipande vipande. Akaingia ndani, akajifunika khanga gubigubi, akasema hafinyangi tena.

Wa kwanza kumjia alikuwa wifi yake, Tumpale. Huyu hakumshauri kitu. Alileta uji, akamnywesha, kisha wakalia pamoja. Kesho yake tena uji, tena kilio. Na Tumpale alijua kulia jamani, hata mara nyingine mgonjwa ndiye aliyembembeleza mgeni. Lakini uji uliingia, na nguvu zikaanza kurudi. Khanga haikufunuliwa.

Wa pili alikuwa mumewe, Gwakisa, ambaye tangu aoe hakuwahi kushika mchi, eti kiuno kinamuuma. Alikwenda kwenye kifusi, akaokota vigae, akavitwanga kinuni mpaka vikawa unga. Kila mfinyanzi wa pale anajua kwamba udongo usiochanganywa na unga wa vyungu vilivyovunjika hupasuka motoni. Sekela akasikia mchi uani, akajua kinachotwangwa ni nini. Akageukia ukutani, lakini usingizi hakuupata tena.

Wa tatu alikuwa jirani yake, Atuganile, mwenye mdomo wake. Hakuleta uji, hakutwanga. Alitangaza kwamba, maadamu Sekela ameacha, yeye sasa ndiye mfinyanzi wa kijiji. Akafinyanga chungu, akakianika mbele ya mlango wa Sekela. Sekela akachungulia. Chungu kilikuwa kimelalia upande kama mlevi anayetafuta ukuta, na watu, kwa shida yao ya vyungu, walikuwa wanakisifu.

Khanga ikatupwa kule. "Kiondoe hicho kitu mlangoni kwangu," alisema Sekela, na siku hiyo hiyo akashika udongo, akauchanganya na unga alioutwanga Gwakisa.

Kwa hasira zake hakungoja vyungu vikauke sawasawa. Motoni vikapasuka kimoja kimoja, na majivu yalipopoa kilibaki kizima kimoja tu. Mngedhani angerudi kitandani. Wapi! Alivitazama vigae, akacheka, akamwambia mumewe alete kinu. Kiuno cha Gwakisa kikaanza kuuma papo hapo.

Sasa, kijijini kwao kuna desturi. Mfinyanzi aliyeacha kazi akairudia, chungu chake cha kwanza hakiuzi wala hakai nacho. Humpa aliyemwinua, mtu mmoja, mbele ya watu wote.

Watu wakakusanyika. Tumpale akasema, "Bila uji wangu, wifi, ungeinuka na nguvu gani?" Machozi yakaanza.

Gwakisa akasema, "Mke wangu, bila vigae nilivyotwanga, hata hicho kimoja kingepasuka."

Atuganile akashika kiuno. "Ulishiba uji ukalala. Ulisikia mchi ukalala. Nani alikutoa kitandani?"

Sekela alikuwa amekipakata chungu, bado kina joto, akiogopa kumtazama yeyote usoni. Aliwapenda wote watatu, hata Atuganile, ingawa hilo msimwambie. Akimpa mmoja, wawili watarudi nyumbani mikono mitupu, kijiji kizima kikiwatazama. Tumpale akikosa, atalia, na mnajua anavyolia. Gwakisa akikosa, hatashika mchi tena, na vigae vipya vimejaa uani. Na Atuganile akikosa, jamani, ataendelea kufinyanga.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu, mbona mmenyamaza? Mikono imenyooshwa, chungu kinapoa, na Sekela anawangoja ninyi. Aliyemlisha, aliyemtwangia, au aliyemtia hasira: je, nani alistahili?