Siku Jua Lilipoacha Kungoja

Kulikuwa na zama ambazo jua lilikuwa na masikio. Lilichomoza na kuzama kama lifanyavyo sasa, lakini mtu mwenye shida aliweza kulisimamisha. Alitoka nje, akaligeuzia kiganja cha mkono wa kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Jua, ningoje." Nalo lilimngoja. Lilisimama palepale juu ya mlima mpaka yule mtu akamilishe jambo lake na kusema ahsante, ndipo liendelee na safari.

Watu wa kale wa hapa kwetu Kivungwe hawakuichezea heshima hiyo. Aliyelisimamisha jua alikuwa mama ambaye mtoto wake hajarudi kutoka msituni, au watu waliobeba maiti kutoka ng'ambo ya bonde na kaburi bado liko mbali. Tena ilikuwa mwiko kuuliza ni nani aliyeita. Jua likisimama, watu walishusha sauti, wenye ngoma wakaziweka chini, wakaambiana, "Kuna mwenzetu yuko kwenye taabu." Joto likazidi, watoto wakalia, mifugo ikahema kwa kiu, lakini hakuna aliyenung'unika. Kila nyumba ilivumilia kwa sababu ilijua kwamba siku moja zamu yake itafika.

Katika zama hizo aliishi kijana aitwaye Kajiru. Msidhani alikuwa mvivu. Alikuwa na mikono yenye nguvu, na kazi akiishika watu walisimama kumtazama. Shida yake ni kwamba siku yake haikuwa na mwanzo. Aliamka alipoamka. Leo alianza kwa kutafuta panga aliloliacha asikokumbuka, kesho kwa kusimama njiani kuzungumza na kila apitaye, keshokutwa kwa kwenda kuangalia mtego, na huko kwenye mtego akaitwa kwenye bao. Kila kazi aliiahidi, na kila ahadi aliitoa kwa moyo mweupe. Jioni ilimkuta akishangaa mchana umekwenda wapi.

Mwaka mmoja upepo mkali ulipita kijijini ukaezua nyumba ya mama mkwe wake, mjane mzee aitwaye Namkunda. Paa lote lilitupwa bondeni. Majirani walikuja na fito na kamba, tayari kusaidia, lakini Kajiru akasimama mbele yao akasema, "Hii ni kazi ya mkwe. Mama, usihangaike. Kabla mvua hazijafika utalala chini ya paa jipya." Watu wakamsifu. Namkunda akahamishia kitanda chake kwenye banda la mbuzi, akangoja.

Siku zikaanza kwenda. Nangasu, mke wa Kajiru, alikuwa akimuuliza asubuhi, "Baba Senzia, leo utakata nyasi?"

"Ndiyo kwanza nakwenda," alijibu. Na kweli alikwenda, ila kwa njia ndefu. Alipofika kwenye nyasi jua lilikuwa limeshaegemea mlima.

Siku moja alitazama vifurushi vichache alivyokata, akakumbuka mama mkwe anavyokohoa kule bandani, akaogopa. Akageuka huku na huku kuona kama kuna mtu, akainua kiganja. Mkono ulikuwa ukitetemeka. "Jua, ningoje," alisema. Jua likasimama. Kajiru akakata nyasi kwa bidii mpaka akatosheka, akashukuru, akarudi nyumbani akiwa mwepesi wa moyo.

Ingekuwa mara hiyo tu, tusingekuwa na hadithi. Lakini kitu kikishapatikana kwa urahisi hakikosi sababu ya kuombwa tena. Siku iliyofuata alichelewa zaidi, kwa kuwa sasa alijua jioni inaweza kurefushwa. Akaomba tena, na tena, mpaka mkono ukaacha kutetemeka, akawa analiomba jua kama mtu anavyoomba chumvi kwa jirani. Na kwa kuwa jioni ilikuwa ndefu, hata hiyo jioni aliianza kwa kupumzika.

Kijiji hakikujua. Watu waliona jua likisimama leo, kesho na keshokutwa, wakaingiwa na huzuni. Maharage yalikauka yakiwa bado maua. Kuku walizungukazunguka wasijue saa ya kulala. Chemchemi ikapungua, ikabaki ya kuchota kwa kata. Watu walisema, "Huyu mwenzetu ana msiba mzito kiasi gani?" Wanawake wakapunguza chakula cha nyumba zao, wakawa wanapika uji na kuuacha kwenye njia panda, ili mwenye taabu, yeyote yule, apite auchukue bila kuonekana.

Namkunda naye alipika wake. Mtama aliokuwa nao ulikuwa kidogo, lakini alisema, "Mimi nimekosa paa tu, huyo amekosa usingizi." Siku hiyo njia panda ilikuwa na joto, akaona uji utaharibika, akapanda nao taratibu kwenye mteremko wa nyasi ambako kulikuwa na kivuli. Huko ndiko alikomkuta mkwe wake. Kajiru alikuwa amejilaza, kipande cha muwa mdomoni, vifurushi viwili vya nyasi kando yake, na kiganja cha mkono wa kulia amekielekeza kwenye jua.

Walitazamana. Kajiru alishusha mkono haraka kama mtoto aliyekutwa kwenye chungu cha mboga, lakini ulikuwa umeshaonekana. Kilichobebwa kwa ajili ya mwenye taabu hakirudishwi nyumbani, basi yule mama akakiweka kibuyu cha uji chini, palepale mbele ya miguu ya Kajiru. Akajifunika uso kwa nguo yake, akageuka, akashuka mlima. Kajiru alitamani angetukanwa. Alikaa akikitazama kile kibuyu mpaka sisimizi wakakipata. Hakuweza kuunywa ule uji, wala hakuweza kuumwaga.

Mngedhani kesho yake alirauka akamaliza paa. Sivyo. Aibu ilimkalisha. Alijifungia ndani akamwambia mkewe anaumwa kichwa. Kupita karibu na banda la mbuzi hakuthubutu, na kukata nyasi hakuweza, maana kila bua lilimkumbusha. Namkunda hakumwambia mtu, maana aibu ya Kajiru ingekuwa aibu ya nyumba ya binti yake. Hata Nangasu hakujua. Chemchemi ikakauka kabisa.

Ndipo siku moja Namkunda akachukua mtungi wake akateremka kwenye korongo la mbali kutafuta maji. Alasiri ikafika hajarudi. Nangasu alitoka akipiga mayowe, kijiji kizima kikatawanyika mlimani. Waliita jina lake, wakasikia mwangwi tu. Jua lilipogusa ukingo wa mlima, mzee Mrindoko, aliyekuwa mkubwa wa kijiji, akasimama kwenye jiwe akainua kiganja. "Jua, tungoje. Mwenzetu amepotea."

Jua halikusimama.

Mrindoko akarudia. Nangasu akainua mkono, na wanawake wote, na watoto waliobebwa migongoni wakainuliwa viganja vyao na mama zao. Jua likaendelea kushuka. Kajiru alikuwa nyuma ya wote. Aliinua mkono wake baada ya wote. "Jua, tafadhali. Leo ni kweli." Jua likawa jekundu, rangi ambayo hakuna aliyewahi kuiona juu yake, likazama. Giza likawafunika wakiwa bado wameinua mikono.

Walimpata Namkunda asubuhi chini ya korongo. Alikuwa hai, baridi imempiga, mguu umevunjika gotini. Walimbeba kwa machela. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini mguu ule haukunyooka tena.

Baada ya hapo Mrindoko aliita mkutano uwanjani. Namkunda alilazwa kwenye kitanda cha fito katikati ya watu. Mzee akasema, "Mwiko leo tutauvunja, maana tumeshavunjikiwa. Jua limechoka. Ni nani aliyekuwa akiliita kila siku?"

Macho ya watu yakaanza kwenda upande mmoja. Yalimwendea Nambike, mwanamke aliyefiwa na mume mwaka ule, aliyeishi peke yake kando ya kijiji. Mtu mmoja akasema, "Humu ndani nani ana huzuni kumshinda huyu?" Mwingine akasema, "Tulimhurumia, lakini kila kitu kina kipimo."

Nambike akasimama. "Nililiita siku tuliyomzika mume wangu," alisema. "Siku moja tu. Kama ningelijua linawachosha, hata hiyo ningeiacha."

"Unakataa?" akaulizwa.

"Nakataa. Lakini nikiambiwa niondoke, nitaondoka. Sina wa kunisemea."

Kajiru alimtazama mama mkwe wake. Alijua neno moja kutoka kwenye kile kitanda lingetosha. Namkunda alikuwa ameinamisha macho chini. Hakumtazama mkwe wake wala Nambike, na machozi yalikuwa yakimshuka taratibu kwenye shavu. Kajiru akaona kwamba yule mama yuko tayari kubeba hata dhambi hii kwa ajili ya nyumba ya binti yake. Akajikuta amesimama.

"Ni mimi," alisema.

Nangasu aligeuka akamtazama kana kwamba hajawahi kumwona. Mrindoko akauliza kwa upole, maana bado alidhani kuna msiba uliofichwa, "Mwanangu, ulikuwa na shida gani?"

Kajiru alitafuta jibu. Alitafuta la uongo hakulipata, na la kweli lilikuwa dogo kiasi kwamba aliona haya kulitaja. "Nilikuwa," alisema, "nimechelewa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona uso wa Kajiru akanyamaza. Watu walikumbuka maharage yao, na uji waliowanyima watoto wakauacha njia panda. Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemfukuza. Mrindoko akasema, "Nambike, tusamehe. Na wewe, Kajiru, nenda ukaezeke."

Tangu hapo Kajiru hakuweza kuonana na watu. Salamu tu ilimchoma. Ili asikutane na mtu njiani, akawa anaamka kabla ndege hawajaanza. Aliwasha moto wa mkewe, akateremka korongoni akachota maji, akayaacha kwenye mlango wa banda la mama mkwe, akaondoka kwa ncha za vidole. Kisha alipanda mteremkoni akakata nyasi mzigo mmoja tu, akautandaza, akaunganisha fito chache kwenye nyumba ya Namkunda, akanoa panga na kulirudisha mahali pake. Watu walipoanza kutoka majumbani, yeye alikuwa ameshamaliza la siku hiyo na ameingia shambani kwake. Hakuna aliyemfundisha mpango huo. Ulipangwa na aibu yake, kwa sababu kila kazi ilipaswa kufanyika kabla ya jicho fulani kufunguka.

Kesho yake alifanya vilevile, kwa mpangilio uleule. Na kesho yake. Mzigo mmoja wa nyasi ni kitu kidogo, mtu hata haoni fahari kuutaja. Lakini asubuhi moja kijiji kiliamka kikaona paa limekamilika, na mvua zikiwa bado mbali. Wala hakuna aliyeona jioni ikirefushwa.

Namkunda akahamia nyumbani kwake. Kajiru hakuacha maji. Aliyaleta alfajiri kila siku, na yule mama hakuwahi kumsemesha. Ndipo siku moja, mvua zikiwa zimefika, mto wa korongoni ulijaa, Kajiru akazunguka mbali, akafika kumekucha kabisa. Alipokuwa akiutua mtungi, sauti ikatoka ndani.

"Mkwe wangu, ni wewe? Nilidhani unaumwa."

Kajiru aliganda pale mlangoni. Siku zote alikuwa akinyata akiamini hasikiki, kumbe yule mama alikuwa macho kila alfajiri, akisikiliza hatua zake. Alikuwa akimngoja. Aibu ya siku ile ilizidi hata ile ya uwanjani. Alisema, "Nisamehe, mama. Mto ulijaa."

"Basi ingia," alisema Namkunda. "Moto upo."

Aliingia, akakaa karibu na mlango, akanywa uji aliopewa huku ameinamisha kichwa.

Majirani walikuwa wakimtazama muda wote huo, ingawa yeye hakujua. Nambike ndiye aliyeanza kumuiga: moto, maji, kufagia, palizi kipande kimoja, kila siku kwa mfuatano mmoja. Wengine wakafuata, si kwa kupenda, bali kwa kuwa sasa mchana ulikuwa na mwisho na hakuna wa kuubembeleza.

Na tangu siku ile Namkunda alipopotea jua halijamngoja mtu. Likizama huwa jekundu, na kiganja cha mkono hakilizuii. Ndiyo maana hapa kwetu mtu huamka gizani akaanza na kazi zilezile za jana, na mkwe huacha maji mlangoni kabla hajaonekana. Ndiyo maana pia, mtu akifia ng'ambo ya bonde, hatuna tena jioni ndefu ya kumrudisha nyumbani kwa mwendo wa heshima. Wabebaji huondoka alfajiri, na jua likianza kuegemea mlima, wao hukimbia na maiti. Mkipishana nao njiani, simameni pembeni mshushe sauti. Mtamsikia aliyeshika nyuma akimwomba marehemu radhi kwa kumtikisa.