Kamba ya Kupimia Jua

Jumbe Kivuruge alimwita Nambiza, mwanamke aliyepima mashamba kwa kamba.

“Nipimie kutoka hapa hadi kwenye jua. Ukishindwa, mbuzi wako wote kumi nawachukua!”

“Hilo tu, Jumbe? Mila unaijua: mwenye kupimiwa hushika ncha, haachii mpaka aitwe. Ila safari ni ndefu. Niruhusu niende na mbuzi wangu, nipate maziwa njiani.”

“Nenda nao!”

Nambiza akatokomea nyuma ya kilima na mbuzi wake, akivuta kamba.

Adhuhuri, mke wa Jumbe akamwita mumewe kula.

“Nyamaza, mke wangu! Huoni kamba inavyotikisika? Anapanda!”

Wakati huo Nambiza na mbuzi wake walikwisha kuvuka mto, wakaingia nchi ya jumbe mwingine. Ncha ya pili ilikuwa shingoni mwa punda wa Kivuruge, aliyekuwa akijilia mahindi ya bwana wake.