Kiungulia cha Bhairo

Wajukuu, nianze? Anza, bibi. Nikikwama? Tutakusukuma. Basi.

Zamani, milima ikiwa bado michanga, huko Bara Hindi aliishi mpiga mieleka aitwaye Bhairo. Akikaa, kitanda kinalia. Akisimama, paa linaogopa. Mwaka huo mvua iligoma, malisho yakabaki ukingoni mwa mto tu. Vijiji viwili vikakubaliana: Bhairo apambane na Kalu wa ng'ambo, na kijiji cha mshindi kilishe ng'ombe wake pale.

Bhairo akataka nguvu. Akanywa tangawizi asubuhi, pilipili manga mchana, tangawizi na pilipili manga jioni. Nguvu hazikuja. Kikaja kiungulia. Kifua kikawaka, na lile jitu likawa linamlilia mkewe kama mtoto anayeota meno. Mnacheka? Subirini.

Mkewe, Revati, akamkokota hadi kwa Mama Sukanya, mganga wa kijiji, naye akampa amla, tunda la kijani, dogo kama ndimu. Bhairo akalilamba. Uso ukajikunja wote.

“Mama, huu ni uchachu mtupu. Mimi nawaka, wewe unaniongezea kuni?”

“Ulimi unaonja tu, mwanangu, haujui yanayotokea ndani. Sisi dawa tunaiuliza: mdomoni ina ladha gani? Ikishuka, inatia joto au inapoza? Na tumbo likishaisaga, inageuka kuwa nini? Amla ni chachu, lakini inapoza, na mwisho wake ni utamu.”

“Utamu uko wapi?”

“Tafuna. Kisha unywe maji.”

Akatafuna, machozi yanamtoka. Akanywa. Akachungulia mtungini. Akanywa tena.

“Revati, nani ametia sukari kwenye huu mtungi?”

Basi huyo, mbio njiani, mtungi begani, kikapu cha amla mkononi. Jirani, tafuna, kunywa. Mfinyanzi, tafuna, kunywa. Mama mkwe wake, tafuna, kunywa. Kijiji kizima kikawa kinakunja uso na kucheka. Bhairo naye akala amla kila asubuhi, hata moto wa kifuani ukazimika.

Siku ya mieleka, Kalu akaingia uwanjani ameshika kifua.

“Na wewe pilipili manga?” Bhairo akamnong'oneza.

“Na tangawizi,” Kalu akajibu, karibu alie.

Bhairo angeweza kumwangusha kwa kidole. Lakini akawaona ng'ombe wa ng'ambo, mbavu nje, na roho ikamsuta. Akampa Kalu amla na mtungi wa maji. Watu wa Kalu walipoona uso wa mtu wao unajikunja, wakainua fimbo: “Amelishwa sumu.” Kalu akawazuia kwa mkono, akanywa maji, akatoa macho, akaangua kicheko. Bhairo naye kicheko. Wakakamatana hivyo hivyo, wakaanguka pamoja, puu, na hakuna aliyeona mgongo wa nani uligusa chini kwanza.

Wazee wakabishana hadi sauti zikawakauka. Ng'ombe wakachoka kusubiri, wakashuka mtoni wenyewe, wa huku na wa huko, wakachanganyika. Nani angewatenganisha?

Kwa hiyo, wanangu, mkipewa dawa msiihukumu kwa ulimi. Ingojeni ifike inakokwenda. Na adui yenu akishika kifua, kwanza muulizeni alichokula.

Kisa kimekwenda zake. Aliyekisikia akibebe, aliyesinzia akamuulize jirani yake.